Aliyekuja Kupima Jogoo

Seremala hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyojidanganya, mpaka siku alipomsikia mkewe akicheka bandani na mwanaume mwingine. Na kicheko chenyewe si kile cha kumridhisha mgeni. Kilikuwa cha kutoka tumboni, cha mtu kushika nguzo asianguke, na yeye mumewe hakuwa amekisikia tangu watoto waanze shule. Alikuwa karakanani, ukuta mmoja na banda la kuku, akipiga randa mlango wa kabati la watu. Randa ikasimama, akatega sikio.

"Hebu mfungue mdomo," sauti ya kiume ikasema.

"Tazama mwenyewe," mkewe akajibu. "Hadi ulimi."

Jamani, walikuwa wanamzungumzia jogoo. Lakini nenda ukamweleze hivyo mtu aliyekwisha kupandwa na wivu.

Mgeni huyo alikuwa mkaguzi kutoka shamba la kuhifadhi mbegu za kuku wa zamani. Jitu refu, shati limenyooshwa likanyooka, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyua za watu akitafuta kuku ambao damu yao haijachanganyika. Na mke wa Seremala alikuwa nao. Bibi yake, aliyemlea yeye na kuku pamoja, aliwaita makaa: manyoya meusi, miguu myeusi, kilemba cheusi, ulimi mweusi, hata ukichinja unakuta mfupa umeingia weusi. Zamani walijaa kila ua. Wakaja kuku wa kisasa, watu wakachanganya, makaa wakapotea. Pale bandani walibaki matetea wachache waliozeeka na jogoo mmoja tu, Bwana Mkubwa, ambaye matetea wote wale walikuwa dada zake.

Kipimo alikuwa ameeleza jambo likaeleweka. Shamba lilikuwa na matetea wa makaa walioletwa kutoka mbali, ila halikuwa na dume. Akithibitisha kwamba Bwana Mkubwa ni makaa halisi, ataletewa hao matetea na mbegu itaendelea. Ukionekana hata unyoya mmoja mweupe, basi damu imeingiliwa, hakuna kitakacholetwa, na jogoo akifa ndiyo mwisho wa kuku wa bibi. Mwanamke yule hakuwa na kingine alichokitaka mwaka ule. Seremala naye alitaka kimoja tu, Kipimo asionekane tena uani kwake.

Lakini Kipimo alionekana. Leo kaja kupima miguu, siku nyingine kaja kupima uzito, mara nyingine kaja kuhesabu vidole kana kwamba kuku huongeza vidole.

"Kuku mmoja anapimwa mara ngapi?" Seremala aliuliza wakila. "Hata suti ya harusi haipimwi hivyo."

"Kazi ina taratibu zake, mume wangu. Kipimo anasema jogoo lazima aangaliwe katika kila hali."

Kipimo anasema. Nyumba nzima ikawa ni Kipimo anasema. Kipimo anasema maji yabadilishwe asubuhi, Kipimo anasema maranda ya kutandika bandani yawe makavu, na maranda yenyewe ni ya karakana ya nani? Mboga ikizidi chumvi, Seremala alikuwa anangoja tu aambiwe Kipimo anasema ndivyo inavyotakiwa. Alikuwa akitabasamu mezani, na moyoni roho inamuuma kama jino bovu. Usiku hasemi, mchana anajitia kazi nyingi. Mtu mwenye akili zake angekwenda bandani, akauliza hili na lile, akakaa. Yeye aliona kuingia mle ni kumpigia magoti yule mwenye utepe.

Siku moja kabla ya ukaguzi wa mwisho mkewe alikwenda kununua pumba. Seremala akachukua koleo ya kung'olea misumari akaingia bandani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: jogoo akiwa na kidonda kifuani na upara begani, atachukiza, Kipimo atakunja pua na habari itaishia hapo. Akambana Bwana Mkubwa kwapani, akabana unyoya, akapinda, akavuta. Mwingine. Jogoo alipiga kelele mpaka matetea wakajazana pembeni. Manyoya yote yalikuwa meusi tititi. Aliyachoma pamoja na maranda nyuma ya karakana, akanawa mikono, akarudi kwenye kabati lake akipiga mluzi.

Mkewe aliporudi alishika kichwa. "Wamemdonoa," alisema. "Mbona hawajawahi?"

"Kuku tena, mke wangu," alisema Seremala. "Wana roho mbaya hao."

Kesho yake Kipimo alipembua manyoya kwa vidole, na kile kicheko cha siku zote hakikutoka kwa yeyote. Mwishowe akamweka jogoo chini.

"Dada, huyu hakudonolewa. Kuku akidonoa, unyoya hukatika na vipande hubaki. Hapa umetoka na shina lake. Ni koleo."

"Nani amtie koleo kuku?"

"Mwenye jogoo wa manyoya meupe. Anayang'oa siku ya ukaguzi ili mimi nione weusi mtupu. Nimekutana nao wengi." Akakunja utepe. "Sikutuhumu. Tungoje yaote tena. Yakirudi meusi, nitathibitisha na kukuomba radhi."

Akaondoka bila kugusa chai yake. Mke wa Seremala alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, macho makavu. Mumewe alimwona kupitia upenyo wa mbao na moyo ukamshtuka, maana hakujua wakaguzi wana mambo hayo. Kisha akajipoza. Manyoya ni meusi, yatarudi meusi. Hakuna aliyeumia ila Kipimo, na safari yake iliyobaki itakuwa moja tu.

Yakaota. Mwanamke alikuwa akimwinua jogoo kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na asubuhi moja hakurudi ndani. Seremala alimfuata. Begani kwa Bwana Mkubwa, katikati ya weusi ule, manyoya machanga yalikuwa yamechomoza meupe pe.

"Bibi alinidanganya," mkewe alisema. "Au naye alidanganywa. Nimelea uongo maisha yangu yote na kumwambia mgeni ni kweli." "Nitampigia Kipimo asije tena. Huyu tutamla leo. Ninolee kisu."

Haya, Seremala, umepewa ulichokitaka, kwenye sahani tena. Kipimo haji. Kilichobaki ni kunyamaza na kunoa.

Alinoa. Sufuria ya maji ilikuwa jikoni inachemka, jogoo amefungwa miguu kando ya mlango, amelala ubavu, jicho linamwangalia. Seremala alipitisha kisu kwenye jiwe, akapitisha tena, na kila akipitisha aliyaona yale manyoya yakiungua, meusi, yote meusi. Hakuelewa weupe ule umetoka wapi. Alichojua ni kwamba haukuwepo.

"Yalikuwa meusi," alisema.

"Nini?"

"Manyoya. Niliyang'oa mimi, kwa koleo. Haukuwemo hata mmoja mweupe."

Mkewe alizima jiko kwanza. "Kwa nini?"

"Ulikuwa unacheka naye."

"Alikuwa anauliza," mkewe alisema polepole. "Mimi kuku hawa nimewalea ukuta mmoja na karakana yako tangu tuoane. Hujawahi kuniuliza hata wanaitwaje." Akapiga namba, akabonyeza spika, akamwekea simu mkononi. "Mwambie mwenyewe. Usipunguze kitu."

Akamwambia. Wivu na koleo na moto wa maranda, vyote, jasho linamtiririka kana kwamba yeye ndiye anayechemshiwa maji. Kipimo akauliza kama mtu anayejaza taarifa, "Ulivuta moja kwa moja, au ulipinda?"

"Nilipinda. Kama msumari."

"Basi uliijeruhi ngozi pale unapoota unyoya. Unyoya ukiota kwenye jeraha huweza kutoka bila rangi. Akinyonyoka msimu ujao, inaweza kurudi." Kipimo akakohoa. "Lakini neno la mume si ushahidi, bwana. Nitalazimika kuja kila wiki mpaka anyonyoke, nimkague unyoya kwa unyoya. Tena baada ya koleo yako hatatulia, patahitajika mtu wa kumshika ninapompima."

Seremala aliitazama simu mkononi. Mkewe alikuwa amechuchumaa mlangoni akimfungua Bwana Mkubwa kamba za miguu. Akaisogelea simu.

"Karibu," alisema. "Njoo hata leo. Mume wangu atakushikia."