Joho la Mfalme wa Kwanza

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, jua kali, bila upepo. Shangazi alinisubiri mbele ya jumba la maonyesho la katikati ya mji, amevaa gauni lake la kwendea harusi. Ujanani alilishonea jumba hilo joho la mfalme wa mchezo wa kuigiza, na marehemu mumewe ndiye aliyelivaa kwanza. Alikuwa amesikia kwamba bado linavaliwa. Alitaka kuliona tena jukwaani, mara moja tu.

Ndani, harufu ya kinyesi cha popo ilitupokea kabla ya mkata tiketi. Viti vya mahameli vilinata. Nilitandika leso kwenye changu.

“Acha madaha,” alisema Shangazi. “Hapa wamekaa mawaziri.”

“Basi walimwaga soda, Shangazi.”

Pazia likafunguliwa. Mfalme alitoka na joho lile lile la zambarau, lenye nyuzi za dhahabu mabegani. Makwapani palikuwa na madoa meupe ya chumvi, moja juu ya jingine. Uvundo wake ulitufikia safu ya pili. Katikati ya hotuba mfalme alipiga chafya, akapangusa kamasi kwa mkono wa joho, taratibu, kuanzia kiwiko. Watu wakacheka. Alipoona wanacheka, akarudia.



Wakati wa mapumziko Shangazi alipanda nyuma ya pazia, nami nikamfuata. Mfalme alikuwa akila kuku na kujifutia mafuta kwenye pindo.

“Vua,” Shangazi alimwambia.

“Shikamoo, mama. Nivue nini tena?”

“Hilo joho. Linanuka mzoga.”

“Hili halifuliwi, mama. Tangu afariki mfalme wa kwanza halijagusa maji. Lina jasho lake. Ndiyo heshima tunayompa.”

Shangazi alilitazama pindo, kisha akamtazama usoni.

“Jasho la mume wangu nililifua mimi, kila Jumatatu. Jasho hilo ni lenu. Vua!”

Mfalme alivua, akamaliza onyesho akiwa na fulana. Mimi nilibeba joho katika mfuko wa plastiki, nikiushikia mbali na mwili. Shangazi alililoweka kwenye beseni uani. Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Akayamwaga, akakunja mikono ya gauni, akaweka mengine.