Kugawana na Kugawanywa

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Asubuhi ile nilikuwa kwenye cherehani napinda suruali ya mteja, ukaingia ujumbe kwenye simu kutoka kampuni ya sabuni aliyofanyia kazi marehemu baba. Hisa zako zimegawanywa, ulisema. Bei mpya ya hisa moja ni hamsini. Wiki iliyopita ilikuwa mia mbili! Sikusoma zaidi.

Zimegawanywa na nani, kwa nani? Neno hilo kwetu ni donda. Tulipogawana vitu vya baba, mimi na mdogo wangu wa kiume tulipata hisa mia mia bila kelele, na yeye ndiye aliyepeleka makaratasi ofisini. Ugomvi ulikuja kwenye redio. Redio yenyewe haishiki hata stesheni moja, lakini aliichukua, nikanuna, akanuna, mwaka wa pili huo hatusemeshani. Nikampigia, hakupokea. Nikamwachia ujumbe wa sauti: hisa zangu umegawana na nani, mwizi wewe, usinijue nisikujue.

Kisha nikaenda kwa dalali wa hisa, niuze zilizobaki kabla hazijaisha. Ni binti mdogo, ofisi yake ina meza moja na feni inayolia. Akaniamkia vizuri, akauliza kwa nini nauza. Nikamwaga yote. Aliponisikiliza hadi mwisho akasema hakuna mtu aliyechukua kitu. Kampuni imeigawanya kila hisa moja kuwa nne.

"Mama, zidisha mwenyewe," akasema.

Nikazidisha kwa kidole juu ya meza. Mia moja kwa mia mbili, elfu ishirini. Mia nne kwa hamsini, elfu ishirini. Nikarudia, nikidhani meza inanidanganya.

Hapo hasira ikashuka, udadisi ukapanda. Mimi ni fundi, nikamwambia kitambaa ukikikata vipande vinne halafu ukaviunga, kila mshono unakula kidogo. Huku nani anakula? Akacheka. Hakuna mshono, akasema, sehemu yangu ya kampuni ni ileile. Hata gawio, ile faida wanayotupa kila mwaka, kama hisa moja ilipata shilingi nne, sasa kila kipande kitapata shilingi moja.

Sasa wamejisumbua kwa nini? Akaeleza kwamba bei ilipanda mpaka mwenye kipato kidogo akashindwa kununua hata hisa moja. Hilo nililielewa mara moja. Wateja wangu hawanunui jora zima, ukiwakatia mita mbilimbili wanajaa mlangoni. Nikauliza, basi bei itapanda? Akasema huenda, na huenda ikashuka. Wengine hukimbilia kununua wakidhani imekuwa rahisi, kumbe sabuni ni ileile na kiwanda ni kilekile. Nikauliza kama wanaweza kuziunganisha tena. Wanaweza, akasema, na mara nyingi hufanya hivyo bei ikidorora sana. Ningekaa pale mpaka jioni nikiuliza.

Mwishowe akaichukua simu yangu, akaushusha ule ujumbe hadi chini. Sasa una hisa mia nne, uliandikwa hivyo. Maneno yalikuwepo tangu asubuhi.

Nikiwa kwenye ngazi nikaona mdogo wangu amenitumia ujumbe wa sauti muda uleule niliotuma wangu. Nikauweka sikioni.

"Dada, nilikuwa na hisa mia, leo naona mia nne. Najua ni wewe umenipa zako. Mimi nilikununia kwa ajili ya redio, na wewe moyo wako ndio huu. Nisamehe."

Hesabu hajawahi kuijua mtoto yule. Zimeongezeka mia tatu, na mimi nilikuwa na mia tu, hizo mia mbili nyingine ningezitoa wapi? Lakini niliona aibu hadi nikakaa palepale kwenye ngazi, watu wakawa wananiruka.

Nikampigia. Safari hii alipokea, ila kwa salamu kavu, nikajua ujumbe wangu ameshausikia. Nikamweleza yote kama binti alivyonieleza: ile moja kuwa nne, bei kushuka hadi robo, jumla kubaki palepale.

"Kwa hiyo hukunipa kitu," akasema.

"Sikukupa."

"Na mimi sikukuibia."

"Hukuniibia."

"Mjinga zaidi ni nani kati yetu, dada?"

"Ni mimi," nikasema. Tangu azaliwe sikuwahi kumwambia hivyo.