Kuti la Moyo

Granaz aliogopa asubuhi kuliko wakati mwingine wowote. Akitoka tu kuwasha tanuri, mitende yake mitatu ilikuwa pale nyuma ya ukuta wa jiko ikimtazama. Makuti ya chini yalikuwa mabichi na marefu kama ya mtende wowote wa bonde la Kech. Ya juu ndiyo yaliyomkata maini: mafupi, yamejikunja, ncha zimekauka, kana kwamba mtu amepita huko juu na kijinga cha moto. Kila kuti jipya lilitoka baya kuliko lililotangulia.

Mitende hiyo ilikuwa mahari yake, aliyopewa na wakwe. Kabla hajaolewa ilikuwa fahari ya shamba zima, na hakuna aliyekula tende zake akasahau. Mwaka wa pili wa ndoa ikaanza kuungua, nayo ikaungua hiyo tu, ya jirani ikabaki imestawi. Wanawake hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walipokutana mferejini walinong'ona kwamba bibi-arusi aliyetoka Buleda ana kisirani. Wema wao ulikuwa kusubiri apite kwanza, ingawa hawakusubiri afike mbali.

Na Granaz alijua kisirani huishia wapi. Shangazi yake aliwahi kurudishwa kwao kwa sababu ya ng'ombe waliokufa. Alikula jikoni kwa kaka yake hadi akazeeka, na hata chumvi aliiomba. Hilo ndilo lililomtia Granaz hofu, kurudishwa Buleda na jina bovu.

Kumbe walioiunguza mitende ni watu wa nyumba ile wenyewe. Juma la kwanza la ndoa mavyaa wake, Ganj Hatun, alimwambia, "Jivu la tanuri halitupwi, wewe msichana. Upe mtende, litaupa nguvu. Sisi tumelelewa hivyo." Granaz, aliyetaka kupendwa, akabeba jivu kila siku, akalimwaga shinani. Makuti yalipoanza kujikunja, mavyaa akasema aongeze. Akaongeza.

Majira ya kuchavusha mitende alikuja bwana shamba kutoka mjini Turbat na pikipiki yake, bomba la dawa mgongoni. Alichota udongo, akaudondoshea siki, nao ukatoa povu.

"Mnaona? Chokaa tupu na magadi," alisema. "Chakula kimo humu, lakini kimefungwa. Mtende una njaa na sahani iko mbele yake. Unacholilia ni madini ya manganisi." Akafukua kidogo kwa kidole, akakunja uso. "Na jivu hili? Jivu ni kufuli juu ya kufuli. Nani anamwaga?"

Ganj Hatun alirekebisha mtandio wake.

"Mimi," alisema Granaz.

"Kwa akili ya nani?"

Granaz alihisi macho ya mavyaa yakimchoma ubavuni. Kuisema kweli kungekuwa kumwaibisha mama mwenye nyumba mbele ya mgeni, na mke wa miaka miwili hana ubavu huo.

"Yangu," alisema.

Bwana shamba akapulizia dawa mioyo ya mitende, akachimbia salfa ya unga kuzunguka mashina. Alipokuwa akifunga mzigo alionya, "Yaliyoungua hayaponi, msipoteze macho yenu huko. Tazameni kuti la moyo, lile la katikati ambalo bado limefumba. Joto likikolea, livuteni. Likishika, mti uzima. Likichomoka mkononi, moyo umeoza, hapo hata mimi msiniite."

Basi maneno ya mferejini yakabadilika. Sasa hakuwa na kisirani tu, alikuwa ameua mahari yake kwa mikono yake. Ganj Hatun aliyasikia yote hayo wala hakufungua mdomo. Granaz akawa halali vizuri, chakula hakishuki, na Dilmurad mumewe akimuuliza ana nini, alijibu ni joto.

Joto lenyewe likakolea. Watu walikuwa wameanza kurudi kutoka mijini kwa mavuno ya tende pale Rahmdil, ndugu wa bavyaa, alipoingia uani na shoka.

"Nimevumilia vya kutosha," alisema. "Huo ni ugonjwa, utahamia kwangu. Nakata, nachoma, yaishe. Na huyu binti kwao kupo."

"Bwana shamba alisema lijaribiwe kuti la moyo, ami," Dilmurad alijibu kwa sauti ndogo.

"Haya, panda ukajaribu!"

Dilmurad akatazama viatu vyake. Mama yake alikuwa amemshika mkono wa kanzu, kwa kuwa ilijulikana kwamba anayepanda mti wenye kisirani hushuka nacho. Majirani waliokuja kutazama nao ghafla wakawa na maumivu ya magoti.

"Nipeni kamba," Granaz alisema.

"Mwanamke apande?" Rahmdil alicheka. "Buleda hamna wanaume?"

"Baba yangu hakupata mtoto wa kiume, ami. Alipata mimi."

Alijifunga kamba ya kukwelea kiunoni, akaizungusha shina la mtende ulioungua zaidi, akapanda. Hakuogopa kuanguka. Aliogopa kufika. Alipofika akakaa kitambo kirefu, jasho likimwingia machoni. Maadamu hajavuta, mtende haujafa, na yeye bado ni mke wa watu.

"Unaomba dua au unavuta?" Rahmdil alipaza sauti.

Alilishika kuti la moyo kwa mikono miwili, akafumba macho, akavuta. Likashika. Hakuamini, akavuta tena kwa nguvu zote, kamba ikamkata kiuno. Likashika vilevile. Akapekua nyuzi kwa vidole, na ndani akaona ukijani mbichi, laini, ulionyooka hadi nchani.

"Limechomoka?"

Granaz alitazama chini. Nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa, na sasa alikuwa na maneno mawili ya kusema, la kuti na la jivu. Kisha akamwona Ganj Hatun. Mama wa watu alikuwa mweupe midomo. Hakuutazama mtende, alimtazama mkwewe, na Granaz akatambua kwamba mwanamke yule alikuwa ameishi na hofu muda wote huu kama yeye.

"Limeshika!" alisema. "Mti uzima."

Jivu hakulitaja.

"Basi shuka," Rahmdil alisema, akiwa amekosa raha, "na jivu lako la Buleda usituletee tena."

Watu wakacheka. Ganj Hatun hakucheka.

"Si lake," alisema. Akarudia kwa nguvu hadi ukuta wa pili wakasikia. "Jivu ni langu. Mimi nilimtuma. Kila siku nilimtuma, na amenifichia aibu yangu msimu mzima, nami nikamwacha aliwe nyama mferejini."

Kule juu Granaz alisikia kila neno. Alilikumbatia shina akalia kwa sauti, bila kujali nani anatazama.

"Mwiteni ashuke," mtu mmoja alisema.

"Mwacheni alie kwanza," alijibu Ganj Hatun. "Na wewe Rahmdil, nenda na shoka lako. Hiyo ni mitende ya binti yangu."