Ada ya Kuthibitisha Uwepo wa Bibi

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote waliowahi kutumiwa fedha kutoka ng'ambo zikafika zimekonda, natangaza matokeo ya Tume ya Kuchunguza Makato ya Benki. Tume ilikuwa na wajumbe wawili. Mwenyekiti alikuwa Bibi, ambaye hakuwa na jino hata moja. Katibu nilikuwa mimi, niliyerudi likizo kutoka bweni na ripoti ya tabia ambayo hadi leo hakuna mtu nyumbani aliyeiona.

Chanzo cha yote ni meno. Fundi meno alikuwa amemaliza seti ya Bibi, juu na chini, na bei yake ilikuwa elfu ishirini na sita, taslimu, bila mjadala. Ijumaa saa kumi angefunga chumba chake na kusafiri mwezi mzima. Jumamosi ilikuwa harusi ya binamu yangu, na wifi yake Bibi angekuwepo. Huyo wifi ana miaka sabini na mitano na meno yote thelathini na mawili, na hucheka hata msibani ili yaonekane. Bibi alishasema: bila meno haendi, atajifungia chumbani na sisi tuseme anaumwa.

Shangazi aliye ng'ambo akatuma dola mia tatu. Kwa bei iliyoandikwa kwenye ubao wa benki, hizo ni elfu thelathini kamili. Bibi si mjinga, alimwambia azidishe kwa sababu "hao wa benki nao wana midomo."

Jumatano nikatumwa na kadi. Mashine ikanipa yote yaliyokuwamo: elfu ishirini na sita na mia nne. Nikaingia ndani kuomba karatasi ya maelezo, nikaisoma kama msomi. Benki ya njiani, ambayo hatukuwahi kuitaja wala kuisalimia, ilikata dola kumi na tano kwa sababu fedha zilipita mlangoni kwake. Benki yetu ilikata kumi kwa kuzipokea. Kisha wakabadilisha zilizobaki kwa bei isiyo ya ubaoni, bei ya uvunguni, na hapo zikayeyuka nyingine bila hata kupewa jina.

Nikawaza: ikiwa kila aliyeziona zikipita amemega, mimi niliyezibeba juani nina kosa gani? Nikamega elfu moja na mia mbili. Nyumbani nikamwandikia Bibi orodha ya makato kwa mwandiko mzuri, ule uliolipiwa karo, na la mwisho nikaliita Ada ya Kuthibitisha Uwepo wa Mpokeaji.

Bibi alihesabu noti mara tatu. "Meno yamepungukiwa mia nane."

"Ni makato, Bibi."

"Hili la mwisho. Wamethibitisha vipi kama nipo?"

"Kwa mitambo."

"Mimi nilikuwa nimelala."

"Ndiyo maana ikawa ghali."

Nilitarajia angekopa mia nane kwa jirani, mambo yaishe. Lakini Bibi hakopi. Ijumaa mchana alivaa viatu vyake vya kwendea hospitali, akaikunja orodha yangu, akanishika mkono. "Twende, mke mwenzangu. Wewe ndiye unayejua kusoma vile vidogo vidogo."

Tulikaa kwenye foleni mpaka saa tisa. Meneja alikuwa kijana aliyekaza tai hadi sauti ikawa nyembamba. Bibi akamwekea orodha mezani.

"Huyu wa njiani ni nani yenu?"

"Benki mshirika, Bibi."

"Mshirika wako. Mimi simjui. Na hii bei, mbona siyo ya ubaoni?"

"Ile ya ubaoni ni ya kuuza, Bibi. Yako ni ya kununua."

"Nimenunua nini mimi?"

Meneja akakohoa. Bibi akashusha kidole kwenye mstari wa mwisho, nami nikaanza kuhesabu taa za darini. Meneja akausoma, akausoma tena.

"Hii ni ya kawaida," akasema. "Ni utaratibu wa usalama. Lazima tujue mteja yupo."

Nilishangaa. Sijawahi kusikia uongo wangu ukitetewa vizuri namna ile.

"Basi nipo," akasema Bibi. "Niangalie. Nirudishie."

Foleni ikasikia. "Kumbe na mimi mnanithibitisha?" akafoka dereva wa lori. "Miaka ishirini nina akaunti hapa, bado hamjaamini?"

"Na marehemu mume wangu?" akauliza mama mmoja nyuma yake. "Yeye mlimthibitisha mpaka lini?"

Jasho likamtoka Meneja. Akamwita karani aitafute ada hiyo kwenye kompyuta. Karani akabofya, akabofya. "Haimo, bosi."

"Tafuta vizuri."

"Ada zetu ziko kumi na moja. Hii siyo mojawapo." Akaichukua orodha, akaigeuza. "Kwanza karatasi hii ina mistari ya daftari. Nani kaandika?"

"Mjukuu wangu huyu," akasema Bibi, akijaa fahari. "Anasoma bweni. Mwandiko umenyooka, sivyo?" Kisha akatazama saa ya ukutani, sauti ikashuka. "Mwanangu, sikuja kugombana. Kesho nataka nicheke kama watu, bila kuweka mkono mdomoni. Ni mia nane tu."

Karani alikuwa ananitazama mimi. Dereva naye akageuka. Nilikuwa na majibu manne tayari, yote mazuri, nikayaacha.

"Ni mimi, Bibi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Hiyo ada. Nimeitunga. Nilichukua elfu moja na mia mbili. Nimekula keki na soda za mia tatu na hamsini. Zilizobaki ziko kwenye soksi."

"Soksi ipi?"

"Ya kushoto."

"Vua."

Nikavua kiatu mbele ya Meneja, karani na foleni nzima. Bibi akazihesabu noti zikiwa bado na joto la mguu, akazifunga kwenye leso. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na yule wa njiani? Naye ni wewe?"

"Hapana, Bibi. Huyo ni wa kweli. Mimi ni hiyo moja tu."