Jina la Mashine ya Nne

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Anayelitaka akalitafute kwenye mashine ya nne, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, kama hawajalibandua. Liliandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye kadi, likagandishwa juu ya swichi, palepale ambapo kwa miezi kumi na moja tulikuwa tunaomba pabandikwe onyo kwamba ufito umevunjika, mashine isitumike.

Mashine ya nne ni ya kunyoosha. Ina roli mbili ndefu za chuma, zenye moto, zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande wa pili. Mbele yake palikuwa na ufito wa usalama. Mkono ukiugusa, roli zinasimama. Ufito ulipovunjika niliandika barua. Nikaandika ya pili, na ya tatu. Shule niliishia darasa la saba, lakini barua nimejifundisha mwenyewe, nakala ninazo zote, na tarehe zake ziko kichwani pamoja na siku za kuzaliwa za wanangu. Pale kazini wananiita Redio, kwa sababu sizimiki.

Jibu la barua ya tatu lilikuja na miguu yake. Lilikuwa ni Mama Maono, shemeji yake msimamizi. Huyo mama alikuwa anafumba macho, anatetemeka kidogo, kisha anakutajia jina la malaika wako mlinzi, jina ambalo hujapata kulisikia kwa mtu. Msimamizi alimpitisha mashine hadi mashine, na kila mashine ikapata malaika wake.

"Sasa mna ulinzi," msimamizi akasema. "Haya, Redio, na huyu naye utamwandikia barua?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Hilo pia nalikumbuka.

Namna yetu ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Shuka likikwama, lazima mtu aingize mkono alivute. Mvuke umetanda, kelele zimejaa, aliye kwenye swichi haoni vizuri. Basi anayeingiza mkono hupaza sauti, "Mkono!" Mwenzake anazima kwanza, ndipo anajibu, "Imezimwa." Hatukufundishwa na mwajiri yeyote. Tulirithishana wanawake kwa wanawake, na kwa maneno hayo mawili tulizeeka na vidole vyetu vyote.

Mama Maono alipoondoka, "mkono" likawa neno la wasio na imani. Anayeingiza mkono akawa anaita jina la malaika wa mashine, na wa kwenye swichi anaitikia, "Atulinde," huku anazima. Wiki za mwanzo tulizima kweli. Lakini sala mtu akiirudia mara arobaini kwa zamu, ulimi unatangulia na mkono unabaki nyuma.

Siku ile aliyeingiza mkono alikuwa wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ninayeishi naye nyumba moja. Aliliita jina. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye swichi. Nikaitikia, "Atulinde." Vidole vyangu vilikuwa juu ya swichi, naviona mpaka leo, na havikushuka.

Hospitalini walimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko. Nilipoulizwa, nilisema swichi iligoma. Kila mtu aliamini, maana ni kitu gani kisichogoma pale?

Mama Maono alikwenda kumwona wodini. Akamwambia malaika aligeuza uso kwa sababu aliitwa kwa mashaka. Wifi aliyameza maneno hayo kuliko dawa. Na mimi ninayejua kusema, ninayejua kumtukana tajiri mpaka mate yakauke, nilinyamaza miezi mitano.

Kila alasiri, saa ileile ya ajali, wifi anaketi kitandani na kuuelekea ukuta. Analiita jina na kuomba msamaha. Kisha anainamisha kichwa, anasikiliza. "Ndiyo," anasema. "Nimesikia."

Siku moja nilimuuliza, "Wifi, anasema nini?"

"Anasema bado."

"Bado nini?"

"Bado hajaridhika."

Nilijaribu mzaha. "Basi naye ana moyo wa msimamizi." Hakucheka. Ukuta ule umepakwa chokaa tu, hauna hata picha, lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikipita naupa ubavu.

Juma lililofuata nilimkuta amesimama karibu na jiko, chungu kinatokota, mkono wa kushoto ameuelekeza kwenye mvuke, anautazama.

"Ananiuliza," akasema taratibu, "huu uliobaki ninamtunzia nani."

Sikuvua hata aproni. Nilikwenda kumleta Padri.

Padri aliketi kwenye kigoda, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba jina lisitajwe tena mbele yake. "Mama," akasema, "kila mmoja wetu ana malaika mlinzi, hilo Kanisa linafundisha, na kumwomba atulinde ni jambo jema. Lakini Maandiko yametupa majina matatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Mengine Kanisa limetukataza kuyabuni."

"Mama Maono alifunuliwa."

"Mafunuo ya binafsi hayaongezi kitu juu ya yale tuliyokwisha kupewa katika Kristo. Hata yale ambayo Kanisa limeyakubali, hayana nguvu ya imani yenyewe. Ya huyu mama hakuna aliyeyapima."

"Basi nilikuwa namwita nani, Padri?"

"Sijui, mama."

"Lakini anaitika."

Padri akasogeza kigoda karibu naye. "Malaika wa Mungu hamdai mtu mkono wake," akasema. "Huyo usimjibu tena."

Nilidhani yamekwisha. Wifi akanigeukia mimi, si Padri. "Kama hakuna malaika aliyegeuza uso," akasema, "basi mkono wangu umekwenda kwa nini?"

Hapo ndipo mafundisho yalipofika na kusimama, na palipobaki palikuwa pangu. Nikasema. Niliyasema yote mbele ya Padri: swichi haikugoma, vidole vyangu vilikuwa juu yake, niliitikia sala na sikuzima.

Wifi hakulia. Alinitazama kana kwamba ananitafuta kwa mbali.

"Uliitikia wewe?"

"Mimi."

"Nilisikia 'Atulinde', ndiyo maana nikaingiza mkono mpaka ndani." Akageukia ukuta, kisha akanirudia. "Huyu anayeniitikia hapa kila siku ana sauti yako, wifi. Nilidhani ameiazima kwa sababu anajua nakupenda."

Padri alifanya ishara ya msalaba. Mimi nilishindwa.

Wifi akasema, "Kalete karatasi. Utaandika barua nyingine, na jina lako uliweke ndani pamoja na lao."

Niliandika: ufito uliovunjika, msimamizi aliyetuletea kadi badala ya fundi, na mimi. Kila nilipotaka kujipitia juujuu, wifi aliniambia, "Futa, andika vizuri." Kesho yake niliwasomea wanawake getini, zamu mbili zikipishana. Msimamizi alinifukuza kazi kabla sijafika mwisho. Mmoja wao akaichukua karatasi mkononi mwangu akamalizia kusoma, na mashine ya nne haikuwashwa siku hiyo wala iliyofuata.

Wifi haketi tena kuuelekea ukuta. Hajaniambia kama sauti imekoma, nami sijathubutu kumuuliza. Ila nimeona kwamba nikizungumza chumba cha pili, naye hanioni, anaacha anachofanya na kuganda, mkono wake uliobaki ameukumbatia kifuani. Kwa hiyo ndani ya nyumba yangu mwenyewe siku hizi nanong'ona, na kabla ya kusema lolote naingia kwanza aone uso.