Halbadiri ya Mwizi wa Petroli

Hakuna mtu wa Mtongwe ambaye hakuwa amesikia kwamba Ijumaa, baada ya alasiri, nyumbani kwa Bi Mwanamkasi itasomwa Halbadiri. Na aliyesikia hilo alisikia pia inasomewa nini, kwa maana habari za watu hazitembei nusu: Bi Mwanamkasi anaibiwa petroli, na mwizi ni Lewa, dereva wa pikapu la marehemu mumewe. Watu wa kwetu huiogopa Halbadiri kuliko korti. Kortini kuna wakili, kuna dhamana na kuna rufaa. Halbadiri ikishasomwa, mwizi hufura tumbo, au hupotewa na akili, au husimama sokoni akaanza kuutangaza wizi wake bila kuulizwa. Na ikiwa hapakuwa na mwizi, husema wazee, dua hiyo hurudi kumtafuta aliyeisomesha.

Bi Mwanamkasi hakulifikia jambo hilo kwa pupa. Alikuwa mfanyabiashara wa nazi, akizinunua mashambani nyuma ya Mtongwe na kuzipeleka Kongowea, na alikuwa na magari mawili. La kwanza ni hilo pikapu, lenye umri wa kuamkiwa shikamoo. La pili lilikuwa jipya, yaani jipya la Mombasa: lilichoshwa na Wajapani, likapakiwa melini, likashushwa Kilindini likiwa bikira. Hili liliendeshwa na Ismail, mtoto wa mdogo wake. Magari yote mawili yalibeba nazi sawa, yakapita njia moja, na kila safari Bi Mwanamkasi aliyatilia mafuta sawa. Ismail alirudi na nusu ya mafuta yake. Lewa alirudi na tangi kavu.

Sasa wewe wape wapishi wawili unga kipimo kimoja, mmoja akuletee sinia ya chapati na wa pili akuletee nusu sinia, halafu uambiwe usiulize. Bi Mwanamkasi aliuliza. Lewa, ambaye si mtu wa maneno mengi, alijibu tu kwamba gari ni zee. Siku ya pili Bi Mwanamkasi akachungulia chini ya kiti cha pikapu, akakuta mtungi mdogo wa plastiki na kipande cha mpira, vyote vinanuka petroli. Hapo moyo wake ukasema kikulacho ki nguoni mwako, naye akauamini.

Kilichomuudhi zaidi ni utulivu wa Lewa. Alipoambiwa habari ya Halbadiri, yeye Mduruma asiyekuwa hata Mwislamu, alikunja kofia yake mkononi na kusema isomwe, naye atakuja aketi. Mwizi gani huyo asiyetetemeka? Bi Mwanamkasi alikwenda kwa Maalim Rashid kupanga siku. Maalim akakubali, lakini akamuuliza kama wizi huo ameuona kwa macho au ameupigia hesabu tu. Bibi akasema ameupigia hesabu. Maalim akamwambia kitabu hakisomwi juu ya dhana, na Ijumaa bado haijafika, basi aende akatazame.

Ndiyo maana asubuhi moja kabla ya Ijumaa hiyo Bi Mwanamkasi alipanda gari la Ismail, nazi nyuma, buibui lake limekunjwa vizuri magotini, na macho yote kwenye kioo cha pembeni. Lewa alikuwa nyuma yao. Akisimama mahali kuchota mafuta, ataonekana.

Hakusimama mahali. Walifika kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambayo siku hiyo ilikuwa imejikunja hadi mbali, na hapo gari la Ismail likazimika. Lilizimika kimya, pasi na kukohoa wala kutikisika, kama mtu aliyefumba macho. Bi Mwanamkasi alishika dashibodi kwa mikono miwili na kumwambia Ismail kwamba gari limekufa, na feri inaanza kupakia. Ismail akacheka. Akamwambia, "Halijafa, Mamkubwa. Lapumzika. Likiona hatuendi, lajizima lenyewe lisile mafuta bure. Nikiinua mguu kwenye breki, laamka."

Foleni ikasogea, Ismail akainua mguu, na gari likaamka. Likasogea hatua kidogo, likalala tena. Bi Mwanamkasi aliachia dashibodi. Alikuwa amepanda magari tangu utotoni na hakuna hata moja alilowahi kulifikiria kuwa na busara. Akageuka nyuma. Pikapu la marehemu lilikuwa linanguruma papo hapo lilipo, boneti inatetemeka, moshi wake unawafukuza wauza korosho kando ya barabara. Lewa hakuthubutu kulizima, kwa sababu likizimwa haliwaki bila kusukumwa, na foleni ya feri haimsubiri mtu wa kusukumwa. Muda wote ule walioketi pale, moja lilikuwa limelala na lingine linakunywa. Bi Mwanamkasi aliliona hilo kwa macho yake, na likamkaa kifuani.

Walipokwisha kushusha nazi Kongowea, alimwambia Ismail ampeleke kwa fundi anayelihudumia gari jipya, na Lewa afuate. Fundi huyo alikuwa Emmaculate, msichana wa bara aliyefungua gereji Kisauni, mitaa michache kutoka sokoni. Alimkaribisha bibi kwenye kiti cha plastiki, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ni rahisi kuonyesha kuliko kueleza. Juu ya meza yake palikuwa na nozeli ya gari kama la Ismail aliyokuwa ameisafisha, chuma kidogo cha urefu wa kidole. Akaiunga kwenye pampu ya mafuta na betri, akaielekeza ndani ya mtungi wa kioo, akabonyeza.

Petroli haikumwagika. Ilitoka ikiwa ukungu. Ilijaza mtungi ule, nyeupe, laini, haina tone linaloonekana, kisha ikakatika mara moja fundi alipoachia kidole. Bi Mwanamkasi alimwomba abonyeze tena. Akabonyeza, na tena. Bibi akasema kwa sauti ndogo, "Subhanallah. Ni mrashi." Na kweli, kila aliyewahi kunyunyiziwa marashi arusini angesema hivyo hivyo.

Kisha Emmaculate akaenda kwenye pikapu, akafungua boneti, akaondoa kifuniko cha kabureta na kumwita bibi atazame. Alipovuta waya wa mafuta, petroli ilitoka uzi mzima na kuchuruzika ndani. Hii, akasema, ni kata, kama ya kuchotea maji. Petroli huungua pale inapoguswa na hewa, na tone kubwa huungua ngozi yake tu. Kilichobaki hutoka nyuma kibichi. Ule moshi unaochoma pua si moshi mtupu, ndani yake mna mafuta uliyoyanunua. Tena kabureta hii hupimwa kwa parafujo, fundi akaikaza kwa kusikiliza tu, na ikishakazwa haijui mlima wala mteremko. Ringi za injini nazo zimelika, nguvu inavuja kabla haijafika kwenye magurudumu, na bodi lote ni chuma kizito.

"Na lile la Ismail," Emmaculate akasema, "liko na pua, Mama. Pale kwa ekzosti, ndani ya moshi, kuna kitu kidogo hunusa. Kikiskia mafuta imezidi kinaambia kompyuta punguza. Ikikosa, ongeza. Hiyo kazi hainyamazi. Kabla umalize kusema bismillahi imenusa na kurekebisha mara nyingi."

Bi Mwanamkasi aliliendea gari la Ismail, akainama nyuma yake buibui likiburura vumbi, akalitazama bomba la moshi kama anayetaka kuliamkia. Ndani ya moshi kuna pua. Mwanadamu ameumba kitu kinachojuta papo kwa papo kwa kila alichozidisha, na yeye alikuwa akikipakia nazi bila hata kukisalimu. Alihisi machozi yanamlenga na hakuyaonea haya. Kulikuwa na furaha pia ndani yake, kwa kuwa kama mwizi ni chuma, basi Lewa si mwizi, na Halbadiri haina wa kumwangukia.

Ila yeye alikuwa mtu wa vipimo, na kipimo kilichoachwa nusu kilimwasha. Alitaka kujua pikapu linakunywa kiasi gani hasa. Emmaculate akasema hilo si kazi: litafungwa chupa ya lita moja badala ya tangi, wataliendesha mpaka chupa ikauke. Hapo Lewa, aliyekuwa amesimama mbali muda wote, akaja karibu na kusema hakuna haja.

"Liache, Bi. Isomwe tu Ijumaa, yaishe."

Moyo wa Bi Mwanamkasi ulirudi ulikotoka. Mtu asiye na hatia anaogopaje chupa? Akasema chupa ifungwe.

Chupa ikaning'inizwa nje ya kioo cha mbele, mpira ukateremka mpaka kwenye kabureta, na mahamali wa mikokoteni wakalisukuma pikapu mpaka likawaka. Bi Mwanamkasi aliketi kando ya Lewa, macho yake hayabanduki kwenye petroli ile. Ilishuka huku anaiona. Walipopanda Daraja la Nyali ilishuka mbio zaidi, na msongamano wa upande wa kisiwani ukainywa wakiwa wamesimama. Hawakufika Mwembe Tayari. Injini ilikohoa, Lewa akalitelezesha gari kando na kulisimamisha, na chupa ilikuwa tupu.

Bi Mwanamkasi akaanza kuhesabu kwa vidole. Kutoka Kisauni hadi hapa, chupa. Kutoka hapa hadi feri, na foleni ya feri, na Likoni hadi Mtongwe. Na asubuhi, kuja, kukiwa na mzigo. Alihesabu akafika mwisho, akarudia kutoka mwanzo kwa sababu hakupenda alipofika. Jibu halikubadilika. Mafuta aliyokuwa akimpa Lewa yangelifikisha pikapu Kongowea na kulirudisha mpaka kivukoni tu. Hata siku moja yasingelifikisha nyumbani. Na pikapu lilifika nyumbani kila siku.

Watu walipita, honi zikalia. Yeye aliutazama ule mtungi wa plastiki chini ya kiti.

"Lewa. Mafuta nikupayo hayatoshi kurudi. Mengine watoa wapi?"

Lewa alikuwa anaurudisha mpira wa tangi mahali pake. Hakuinua kichwa.

"Ulikuwa edani, Bi."

Yaliyobaki aliyasema kidogo kidogo, na kwa kuvutwa. Marehemu alipofariki, Bi Mwanamkasi alikaa eda, hatoki wala haonani na wanaume wasio maharimu zake, na fedha za mafuta zilipitishwa mlangoni na jirani. Zilikuwa kipimo kile kile cha marehemu, cha zamani, injini ilipokuwa bado imekaza. Mwanamume gani angemwendea mjane edani, abishe hodi, aombe petroli? Lewa akaongeza yake, akiyanunua kwa fedha zake na kuyatia kwa ule mtungi na mpira, kwa siku hizo tu. Eda ikaisha, na kusema sasa ikawa kama kudai. Halafu likaja gari jipya, na watu wakaanza kumwambia Bi Mwanamkasi auze lile zee kwa vyuma chakavu. Marehemu ndiye aliyemfundisha Lewa kuendesha, kwa usukani ule ule. Kiu yake ikijulikana lingeuzwa, basi akaendelea kutia, na kunyamaza.

Bi Mwanamkasi aliutoa ule mtungi chini ya kiti, akaupakata mpaka walipovuka. Asubuhi alikuwa ameduwazwa na chuma kinachonusa moshi, akadhani siku yake imekwisha kuona maajabu. Kumbe ajabu kubwa zaidi lilikuwa limeshika usukani kando yake, limevaa kofia iliyopauka, na yeye alikuwa amelipangia kulisomea dua ya kufura tumbo.

Lewa alimwomba jambo moja, kwamba aifute Halbadiri na asimwambie mtu sababu. Lakini Bi Mwanamkasi aliwajua watu wa Mtongwe. Ikifutwa hivi hivi watasema Lewa alikwenda usiku kumlamba miguu, na mwizi atabaki mwizi mpaka kaburini. Ijumaa ikafika, watu wakajaa, wanaume mikekani uani na wanawake ndani nyuma ya pazia. Lewa alikuja kama alivyoahidi, akaketi ukingoni mwa mkeka. Maalim Rashid alikuwa ameshafungua kitabu wakati pazia lilipofunuliwa na mwenye nyumba akatoka, akasimama mbele ya wanaume, jambo ambalo pale halikuwa limewahi kuonekana.

"Maalim, funga kitabu," akasema. "Aliyeyagusa mafuta yangu nimempata. Ni Lewa. Alikuwa akitia. Tangu nilipokuwa edani mpaka juzi alikuwa akitia yake, nami nikamwita mwizi mbele yenu. Basi mbele yenu namwomba radhi, na anayemjua Mungu aniombee, kwani ile dua ilikuwa inanistahili mimi."

Maalim alifunga kitabu. Lewa aliinuka polepole, akaitazama kofia yake, kisha akamwita.

"Bi Mwanamkasi."

"Abee," akaitika.

Wanawake ndani wakashikana mikono, maana neno hilo mwanamke humwitikia aliyemzidi, na hakuna aliyewahi kusikia tajiri akilisema kwa dereva wake. Lewa mwenyewe alibabaika kidogo. Kisha, mbele ya watu wote, akasema lile ambalo muda wote huo lilimshinda kusema.

"Kesho kuna nazi, Bi. Na mafuta hayatoshi."