Risasi za Stupnjak Zarudi kwa Wenyewe

Jumatatu asubuhi, mjini Stupnjak, Hasnija alikuwa akitandaza mezani unga uliokandwa wa pita, andazi la tabaka nyembamba la kuoka, akiuvuta kwa ngumi pande zote hadi maua ya kitambaa cha chini yakaonekana. Jirani yake Fahreta alikuwa kwenye kochi, akimsimulia mgeni jinsi mumewe alivyouawa. Mgeni mwenyewe, Dokta Ekelund, alitoka chuo kikuu kimoja cha Uswidi na alikuwa amepanga chumba cha juu kwa Hasnija. Kinasa sauti chake, kidogo kama kiberiti, kilikaa juu ya kopo la sukari ili kisikie vizuri.

"Alikuwa anavua viatu," Fahreta akasema. "Nikamwambia, Meho, usiniingizie tope. Akainama kufungua kamba. Ndipo wakampiga risasi. Ikamwingia shingoni, ikatokea upande wa pili, ikakwama hapo kwenye mwimo wa mlango. Damu iliruka mpaka kwenye pazia. Nikamzika na viatu vyake, kamba moja imefunguliwa, moja bado."

Mwimo wa mlango ukakwaruza kwa ndani kama una panya. Risasi ikatoa kichwa, ikajinyonganyonga, ikaanguka sakafuni. Ikapanda mguu wa meza, ikapita katikati ya unga na kuacha mfereji, ikatokea dirishani, ikashika barabara ya juu kwa mwendo wa mzee anayetoka sokoni.

"Umeniharibia unga, mshenzi wewe," Hasnija akaiambia, akafinya ule mfereji kwa vidole.

"Ashukuriwe Mungu dirisha lilikuwa wazi," Fahreta akasema. "Ya jirani Zumra ilimvunjia kioo." Kisha akaomba kahawa nyingine.

Wote watatu wakaisindikiza kwa macho. Ilipofika kwenye duka la mikate, mwokaji Slavko alikuwa akimpa mteja mkate. Risasi ikamwingia mkono wa kulia, kwenye shina la kidole cha shahada, ikavunja mfupa. Slavko akapiga yowe la nguruwe anayechinjwa Novemba. Halafu akaufunga mkono kwa kitambaa cha unga, akamuuliza mteja aliyefuata kama anataka mweupe au mweusi.

Mambo hayo yalianza Dokta alipowasili majira ya kuchipua, na mtaa ulishayazoea. Mtu akisimulia kisa chake chote bila kuruka kitu, risasi ya kisa hicho iliamka mahali ilipolala, ikarudi kwenye mkono ulioifyatua. Kama ililala ukutani, ilitoka ukutani. Kama ililala mwilini mwa mtu, ilitoka na chochote ilichokutana nacho humo. Bunduki zenyewe zilishatupwa mtoni zamani, lakini mikono watu walibaki nayo.

Dokta hakuja kwa ajili ya risasi. Alikuja kutafuta sababu. Alitaka kujua kwa nini Waislamu na Waserbi waliokopeshana chumvi siku zote za utawala wa Chama cha Kikomunisti walichinjana mara tu Chama kilipoanguka. Alikuwa nazo sababu kadhaa mkononi, na kila aliyehojiwa aliombwa achague: historia, njaa, wanasiasa, au woga.

"Andika upepo wa kusini," Hasnija alimwambia siku ya kwanza. "Ukivuma, hata ng'ombe hupiga mateke."

"Kweli, Mama?" Dokta akauliza, kalamu juu. Aliiongea lugha ya pale kama redio iliyoanguka ngazini.

"Wewe andika tu, mwanangu. Daktari gani huyu, hata mafua hatibu!"

Lakini kisa chake mwenyewe Hasnija hakukisimulia. Kila Dokta alipokisogeza kinasa sauti, yeye alikumbuka kitu jikoni.

Kisa chake kilikuwa kifupi. Alikuwa na mwana mmoja, Ekrem, kijana mrefu aliyegonga kichwa kwenye kila mlango. Mwezi Juni ule wa vita, wanaume waliojivika soksi za wanawake usoni waliposhuka kutoka mlimani wakichoma nyumba moja baada ya nyingine, majirani wengine walikimbilia msituni na watoto wao. Hasnija hakukimbia. Alimvusha Ekrem ua, akampeleka kwa Ostoja. Ostoja alikuwa Mserbi, na ndiye aliyemkata Ekrem nywele za utotoni. Muislamu akimpa Mserbi mkasi na kichwa cha mwanawe, yule Mserbi huwa baba wa nywele, na undugu huo ni mzito kuliko wa tumbo. Baba wa nywele hamtoi mtoto. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu mto uanze kutiririka, na Hasnija aliliamini kama wengine wanavyoamini benki.

Waliokimbilia msituni wengi wao walipona.

Kesho yake Ostoja alimwambia kwamba Ekrem alitoka kwa mlango wa nyuma, na bila shaka yuko njiani kwenda Ujerumani. Tangu hapo kila walipokutana alimfariji. "Vijana wa siku hizi, Mama Ekrem. Hawaandiki." Sasa Ostoja alikuwa na kituo cha mafuta, na vilevile alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano ya mji. Hasnija alitaka kitu kimoja tu duniani: mifupa ya mwanawe aioshe na kuizika. Ila alijua kwamba siku atakayosimulia, risasi itatoka mahali fulani na kwenda kwa mtu fulani. Ikitoka, atajua mwanawe alipo. Ikifika, atajua ni nani. La kwanza alilitaka. La pili lilimfunga ulimi.

Alhamisi, siku ya soko, wanawake walisikia kwamba Dokta anakaribia kuondoka, wakamzunguka kando ya mabanda ya jibini, wakasimulia wote kwa pamoja. Risasi zikatoka kwenye kuta za shule, kwenye mihimili ya daraja, na makaburini. Zilikwenda moja kwa moja bila kuzunguka mtu. Zilitoboa ndoo za maziwa. Zilimpitia ndama tumboni, akaenda hatua kadhaa akijikanyaga utumbo. Dereva wa basi alipigwa mikono yote miwili, kwa sababu siku zile alipochoka mkono mmoja alibadilisha. Muuza misumari alipoteza vidole vyote vya mkono wa kulia kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoanguka alikitazama kama anayekitambua. Mawe ya soko yakateleza kwa damu, na wenye mboga wakazinyanyua kabichi zao juu ya makreti.

Mwalimu Persida alikuwa njiani, kati ya risasi na mwenyewe. Alikuwa Mserbi pia, na wakati wa vita aliwaficha watoto wa Kiislamu kwenye dari la shule. Risasi ilimkata sikio, likaning'inia.

"Mwalimu, pole jamani," Hasnija akasema, akimbana sikio kwa kitambaa chake cha kichwa. "Hii haikuwa yako."

"Najua. Ilipokwenda ilinipita juu ya kichwa. Kurudi imenikuta nimenenepa."

"Hazina macho."

"Hazikuwa nayo zilipokwenda, zikirudi zingeyapata wapi?" Mwalimu akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. "Na wewe, Hasnija? Yako inangoja nini?"

"Pita iko jikoni."

"Iko jikoni tangu vita! Imeshaungua, dada. Kaseme."

Ijumaa mchana Dokta alikuwa na miadi ya kumhoji Ostoja juu ya maridhiano. Hasnija akafunga pita ya jibini kwa kitambaa, akamfuata. Ostoja alikuwa kibarazani, na chupa ya pombe kali ya plamu mbele yake. Kutoka pale kituo chake cha mafuta kilionekana chote ng'ambo ya barabara, pampu nyekundu na sakafu ya zege inayong'aa.

"Mama Ekrem! Karibu, kaa kwenye kivuli. Dokta, huyu mama ndiye mfano wenyewe. Sisi wawili hatujawahi kukosana."

"Hatujawahi, Baba Nywele," Hasnija akasema, akakaa. "Mwanangu, kinasa kiko wazi?"

"Kiko wazi, Mama."

Hasnija akasimulia. Alisema jinsi moshi ulivyonuka manyoya ya kuku, na jinsi Ekrem alivyogonga kichwa kwenye mlango wa Ostoja, yeye akamwambia inama, punda wewe. Alisema kwamba Ekrem alivaa sweta la kijani alilomfumia, ingawa kulikuwa na joto, kwa sababu alikuwa akitetemeka. Alisema kwamba Ostoja alimpokea, akampa kijiko cha jemu ya plamu kama mgeni wa heshima. Alisema kwamba yeye alirudi nyumbani akiwa na amani moyoni, akalala usingizi.

"Mama Ekrem," Ostoja akasema, "jua limekupata kichwani."

"Baadaye nikasikia mlio, nikageukia upande wa pili. Nikasema, si kwa Ostoja. Nililala. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nairuka."

Ng'ambo ya barabara, kati ya pampu na mpira wa kujazia upepo, zege likapasuka kama ganda la yai. Risasi ikatoka na udongo, ikajikung'uta, ikavuka barabara. Gari dogo likapiga breki kuipisha. Ostoja akaikalia mikono yake miwili.

Haikumsaidia. Risasi ikapasua chupa ya pombe, ikamwingia paja, ikasafiri ndani ya nyama ikimfanya apige teke meza, hadi ikaufikia mkono wa kulia chini yake na kutulia humo. Ya pili ikafuata njia hiyohiyo. Ya tatu ilikuja polepole zaidi, kwa kuwa ilitoka kwenye mfupa. Damu ya Ostoja ikachuruzika kwenye kiti cha plastiki, ikafanya dimbwi mpaka kwenye viatu vya Dokta, naye Dokta akainua miguu kwa adabu.

Hasnija akaushika mkono ule, akaufungua vidole. Katika lile tundu la kiganja kulikuwa na nyuzi za sufu. Alizivuta taratibu, kama anayefumua sweta kuukuu. Zilikuwa za kijani.

"Basi hakwenda Ujerumani," akasema.

Ostoja alikuwa mweupe kama jibini. "Zilikuwa nyakati mbaya, Mama Ekrem."

"Nyakati hazina kidole."

"Walisema nimtoe au wanaichoma nyumba. Ilikuwa mpya. Paa nilikuwa nimeliezeka juzi. Wakasema nifanye mwenyewe ili wajue niko upande wao."

Hasnija akaliangalia paa. Lilikuwa la vigae vyekundu, zuri, halijavuja hata sasa. Dokta aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo aiandike chini ya woga au chini ya wanasiasa.

"Andika chini ya paa," Hasnija akamwambia.

Pita waliila, kwa sababu ilikuwa moto bado. Ostoja alikula kwa mkono wa kushoto.

Polisi alikuja, akauliza ni nani aliyefyatua. Wakamwambia ni Ostoja. Akauliza ni nani aliyepigwa. Wakamwambia ni Ostoja. Akasema mtu hawezi kujishtaki mwenyewe, akajaza tangi la gari lake, akaenda zake. Dokta naye alirudi kwao. Profesa wake alikuwa amemwambia kwamba risasi zinazorudi hazimo katika nadharia yoyote, na kutunga nadharia mpya huchukua muda mrefu kuliko ufadhili. Kwa hiyo akaandika juu ya kuanguka kwa Chama, viwanda vilivyofungwa, na hofu ya kila upande kwa mwenzake. Yote aliyoandika yalikuwa kweli, na walimpa cheo.

Hasnija akaomba zege livunjwe. Manispaa ikajibu kwamba chini yake kuna matangi ya petroli na mji wote ungelipuka, hivyo shauri lipelekwe kwa Kamati ya Maridhiano. Kamati ikakaa. Mwenyekiti akafungua kikao kwa dakika ya ukimya, akasema anayekataa zege livunjwe anyooshe mkono, akawa wa kwanza kunyoosha wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa mzito mno kwa sababu ya risasi, aliuweka juu ya meza kama kifurushi.

Siku hizi Hasnija huenda kituoni baada ya sala ya adhuhuri. Huchukua kigoda chake na birika la maji, hukaa kati ya pampu na mpira wa upepo, juu ya ule ufa uliozibwa kwa saruji mpya. Huimwagia saruji maji kidogo na kuifuta kwa kiganja, huku akimgombeza mwanawe: amekonda, hainamishi kichwa milangoni, ona sasa. Wenye magari humzunguka. Wengine humsalimu.

Jana mhudumu wa pampu alimjia akijifuta mafuta mikononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, hebu sogea kidogo. Kuna lori linarudi nyuma."

Hasnija akasimama, akachukua kigoda chake, akasogea kidogo. Lori likarudi nyuma, likasimama juu ya mahali pale kwa magurudumu yake yote ya nyuma, likanywa mafuta mpaka likashiba.